Dereva Aliyesema Alisinzia

Siku tuliyomzika Dereva, mwenyekiti wa mtaa alisimama akasema marehemu alikuwa mtu mwema, ila usingizi ulimponza. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na wanawake wa kwaya, na nilitamani kupiga kelele. Usingizi haukumponza. Aliyemponza ni mimi. Alifungwa miaka mitatu kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu, na aliyekufa katika kosa hilo alikuwa mume wangu. Dereva alinificha nyuma ya uongo wake mpaka akaingia nao kaburini. Haya nayaandika bila ruhusa yake, maana najua asingenipa.

Jina lake sitalitaja, na wala halitamsaidia mtu. Hata mkewe alimwita Dereva. Sumbawanga ina madereva wengi, wa malori, wa mabasi, wa magari ya serikali, lakini ukisema Dereva bila kuongeza neno, watu wa mtaani kwetu walijua unamsema yule mzee wa misheni, mrefu, mwenye kofia ya sufu, ambaye kwa miaka ishirini na saba alimwendesha padri mmoja Mzungu kutoka Kate mpaka Wampembe, na kutoka Wampembe mpaka Milepa, mvua na jua. Nyumba yake ilipakana na yetu. Kati yetu kulikuwa na ua wa minyaa na mfereji wa maji machafu ambao kila mmoja wetu alidai ni wa mwenzake.

Alikuwa na maringo ya kazi yake, na sitaki kumpaka mafuta kwa kuwa amekufa. Aliwadharau madereva wengine wote. Waendesha bodaboda aliwaita nzi. Abiria akibamiza mlango wa gari, Dereva alishuka, akaufungua, akaufunga taratibu, akamwambia, "Hivi ndivyo unavyofungwa. Shuka ujaribu." Nasikia aliwahi kumshusha mtendaji wa kijiji katikati ya pori kwa kubamiza mlango mara mbili, na Padri akanyamaza, maana ndani ya gari Padri hakuwa na amri. Nyumbani vilevile. Angeweza kukaa siku tatu bila kumsemesha mkewe, si kwa ugomvi, ila kwa sababu hakuona cha kusema. Lakini gari alilisemesha. Asubuhi za baridi, ile ya Juni inayokata masikio huku kwetu, nilimsikia nyuma ya ua akilibembeleza: "Haya, mama. Haya, amka. Tunajua ni baridi."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuingia kanisani. Alimfikisha Padri mlangoni, akalizungusha gari likatazama njia ya kurudi, akakaa ndani yake mpaka misa ikaisha. Katekista mmoja alimkemea mbele ya watu. Dereva akamjibu, "Mimi na Mungu tunaonana mteremkoni." Na kweli, kabla ya kushuka kwenda Wampembe, pale barabara inapoanza kujikunja na ziwa linaonekana chini kabisa, alisimamisha gari, akavua kofia, akasali Salamu Maria tatu, akavaa kofia, akatia gia ya kwanza. Padri aliniambia kwamba katika miaka ishirini na saba hakuwahi kuona ile kofia ikisahauliwa kichwani.

Kusema uongo hakujua. Siku moja alimgonga mbuzi karibu na Kate. Padri alikuwa akisubiriwa kwenye kikao na askofu. Dereva akaegesha, akambeba yule mbuzi mabegani, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza, "Huyu ni wa nani? Nimemuua mimi." Watu walimkimbia wakidhani ni mtego, mbuzi mfu anayetafutiwa mwenyewe, na wenzetu mnajua mji wetu unavyosemwa kwa mambo ya uchawi. Mwenye mbuzi alipatikana jioni. Askofu alingoja. Nilipomuuliza kwa nini asingemwachia mjumbe ujumbe akaenda zake, alinishangaa. "Mwalimu, aliyeua si mjumbe."

Nimelitanguliza hilo la mbuzi makusudi, ili mjue uongo aliokuja kuusema mahakamani ulimgharimu nini.

Ile safari ya Ulaya ilianza na barua. Padri alizeeka, akarudishwa kwao Uholanzi, akawekwa kwenye nyumba ya mapadri wazee. Misheni ikamstaafisha Dereva na kumpa lile gari kuukuu la mizigo ambalo hakuna mwingine aliyeweza kuliwasha. Mwaka haukuisha, Padri akaandika. Alisema wenzake waliofanya kazi naye Ufipa wametawanyika katika nyumba za wazee kama ile, mmoja Ubelgiji, mmoja Luksembagi, wawili Ujerumani, mmoja Ufaransa, mmoja Uswisi, na wa mwisho Roma. Alitaka kuwaamkia wote kabla hajafa. Alitaka aende kwa gari, polepole, kama walivyokuwa wakizungukia vigango. Mpwa wake angetoa gari. Lakini wapwa zake wanaendesha kama wanaofukuzwa, aliandika, na yeye hataki kukaa kando ya mtu mwingine yeyote isipokuwa Dereva.

Dereva alikuja kwangu na ile barua imekunjwa ndani ya kofia. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nafundisha sekondari, na ile ramani ya Ulaya nilikuwa nimeichora ubaoni mara nyingi kuliko nilivyopika ugali. Akanisomea barua yote, akaikunja, akasema, "Mwalimu, hii Luksembagi ni tarafa au ni nchi?"

Hivyo tukaanza kupanga. Nilimchorea njia kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu nene, nchi saba, na kila nyumba ya padri mzee nikaiwekea msalaba mdogo. Jioni baada ya kusahihisha madaftari nilimsomea kwenye simu yangu sheria za barabara za kila nchi, na yeye aliziandika kwenye daftari kwa herufi kubwa. Ufaransa lazima gari liwe na kizibao cha kung'aa. Uswisi lazima ubandike karatasi ya ushuru kwenye kioo. Kuna miji ambayo gari linalotoa moshi haliruhusiwi kuingia, na hapo alilitazama gari lake pale nje, yule "mama" wake, akacheka peke yake. Ujerumani kuna barabara ambazo hazina kikomo cha mwendo. Hilo lilimchukiza. "Nchi isiyo na kikomo ni nchi isiyo na mama," alisema, na kwenye daftari akaandika: UJERUMANI, HAMSINI.

Kilichomsumbua kuliko vyote ni mipaka. Katika maisha yake alivuka mpaka mmoja tu, wa Kasesya, kwenda Zambia kuchukua vipuri vya misheni. Alijua mpaka ni kizuizi, ni afisa, ni mhuri, ni kusubiri. Nilipomwambia kule unatoka nchi moja unaingia nyingine bila hata kupunguza mwendo, alidhani namtania.

"Hakuna mtu?"

"Hakuna, Dereva. Kuna kibao tu."

"Mimi nitasimama. Hata kama hakuna mtu, nitasimama nishuke. Huwezi kuingia kwa watu hivihivi kama mbuzi."

Halafu wale wazee wakaanza kufa. Tulikuwa bado hatujapata hata pasipoti ilipokuja barua kwamba yule wa Ubelgiji, aliyejenga shule ya Milepa, ametangulia. Nikachukua kalamu nyekundu nikaufuta msalaba wake. Baada ya Pasaka wakaondoka wawili wa Ujerumani, wiki tatu kati yao. Ujerumani yote ikafutika, na njia ikabidi ipindwe. Sikuweza kujizuia, nikamwambia Dereva angalau ameepushwa na zile barabara zisizo na kikomo. Hakucheka. Aliitazama ile karatasi, akasema, "Padri aniambie kama tunachelewa sisi au wanawahi wao." Kila barua iliyokuja, mkewe alinisimulia, hakuifungua mpaka amekula, maana akiifungua kabla hakuweza kula.

Kwa hiyo safari ilipungua mwaka hadi mwaka, msalaba mmoja baada ya mwingine, na yeye akazidi kuwa na haraka, mtu ambaye hakuwahi kuwa na haraka. Alisafiri mpaka Dar es Salaam kwa basi kupeleka alama za vidole ubalozini. Aliporudi alinisimulia. Binti wa dirishani alimuuliza ana nini kitakachomrudisha Tanzania. Akamjibu, "Ulezi wangu haujavunwa." Binti akaandika kitu. Nilimwambia hapo umekwisha, Dereva, ulitakiwa kusema una nyumba, una mke. Akasema, "Mke atavuna na nani, kama sijarudi?"

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Ulaya kote alikokuwa anakwenda, magari hushika kulia. Kwetu tunashika kushoto, na Zambia vilevile. Dereva alilijua hilo tangu zamani, maana kule Wampembe aliwasikia wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo wakisema kwao ni kulia. Lakini kujua ni jambo moja. Alianza kujifundisha kwenye kiti jikoni: ameketi, mguu mmoja kwenye klachi ambayo haipo, mkono wa kulia ukiingiza gia kwa kutumia mchi wa kinu aliousimamisha kati ya matofali, na midomo ikisema "kulia, kulia, kulia." Mume wangu alimchungulia juu ya ua. Yeye alikuwa bwana shamba, kazi yake kuzunguka vijijini kwa pikipiki, mtu wa mzaha usioisha. "Nyumba mbili hizi siku hizi ni kulia tu," alituambia. "Hamna neno la kucheka?"

Mimi ndiye niliyesema kiti hakitoshi. Nakumbuka nilivyosema, kwa ile sauti yangu ya darasani. Nikasema mwili haujifunzi kwa kukaa jikoni, mwili hujifunza kwa kutenda. Kuna ile barabara ya vumbi inayotoka mjini kupita mashamba ya mahindi. Alfajiri haina gari hata moja. Apite pale kila siku akishika kulia, kwenda na kurudi, mpaka mwili uzoee.

Dereva alikataa. "Mwalimu, barabara si daftari. Ukikosea hufuti."

Nikamcheka. Hilo ndilo linaloniua. Nikamwambia, "Dereva mzima, miaka yote hiyo, unaogopa upande?"

Mtu mwenye maringo humwambii hivyo. Kesho yake kabla ya jua nililisikia gari likibembelezwa, na keshokutwa, na wiki sita mfululizo. Alikwenda mwendo wa mtu anayetembea, taa zimewaka, akirudi mkewe anakoroga uji. Akanipigia saluti juu ya ua. "Mwalimu, leo sikufikiri. Mkono wenyewe umekwenda kulia." Nikampa alama. Ndiyo, nilimpa alama kabisa, nane juu ya kumi, nikaiandika kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu, tukacheka.

Siku ile hakuwa anajizoeza. Na asidhani mtu kwamba alikuwa akichezea barabara. Yale mazoezi tuliyajua watu wanne tu, na mmoja wao alikufa siku ileile. Alikuwa ameitwa usiku kumpeleka mama mjamzito hospitali. Alimfikisha salama, mtoto akazaliwa. Akawa anarudi alfajiri, ukungu umelala juu ya mashamba, kwa barabara ileile, saa ileile, na mawazo yake yako kwa yule mama. Hakuwaza upande. Mkono wenyewe ukaenda kulia. Mwili ulikuwa umeelewa somo.

Mume wangu alikuwa akitoka kwenda Milepa mapema ili awahi mkutano wa wakulima. Alikuwa upande wake, kushoto, kama sheria inavyotaka. Walikutana penye kona.

Alinieleza haya mwenyewe, kituo cha polisi, kwa maneno machache sana, kabla mama mkwe wangu hajaingia. Damu ya mume wangu ilikuwa kwenye mikono ya shati lake, maana alimbeba mabegani mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimemshika kola. Sijui nilitaka kumfanya nini. Akasema, "Mwalimu. Nilishika kulia. Sikufikiri." Nikasikia mama mkwe akilia nje, anakuja. Dereva akamsikia pia. Akaniangalia usoni, na nikaona akipanga, kama alivyokuwa akipanga njia, wapi pa kupita na wapi hapapitiki. Mama mkwe alipoingia na kumrukia, Dereva aliinamisha kichwa akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Nisamehe, mama. Nilisinzia."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa kwenye msiba, nimekaa chini kwenye mkeka, nikiwasikia ndugu wa mume wangu wakinong'ona. Siku nne kabla ya ajali mimi na mume wangu tuligombana vibaya mbele ya mama yake, kwa sababu nilitaka kuhamia Mbeya na yeye hakutaka. Nilisema maneno. Nilisema ipo siku nitaondoka, na hakuna atakayenizuia. Hebu fikiri watu wale wangesikia kwamba ni mimi niliyemwambia jirani awe anapita upande usio wake kila alfajiri, barabara ileile anayopita mume wangu. Nani angekaa kusikiliza habari za Uswisi na padri mzee? Ulimi hauna mfupa, na huku kwetu hauhitaji hata kutafuna. Wangesema nimemuua kwa mpango, na wangekuwa na daftari lenye alama zangu.

Mke wa Dereva alilichoma lile daftari. Sikumwomba.

Mahakamani askari wa usalama barabarani alileta mchoro. Alikuwa kijana makini. Akasema alama za matairi zinaonyesha gari lilitembea upande wa kulia zaidi ya hatua mia mbili, limenyooka kama rula. "Mtu aliyesinzia huyumba," alisema. Hakimu akamgeukia Dereva. Nilikuwa benchi la pili, nimevaa nyeusi, mama mkwe ameushika mkono wangu.

"Mimi nikisinzia siyumbi, mheshimiwa," alisema Dereva.

Watu wawili watatu walicheka. Mtu aliyezungusha mbuzi mfu kutwa nzima akimtafuta mwenyewe alisimama kizimbani, mikono nyuma, akachekwa kwa uongo mbaya, na mimi nilikaa kimya. Alipewa miaka mitatu, na leseni ikafutwa.

Wiki ya pili baada ya hukumu nilipigiwa simu na watu wa ofisi ya mabasi, kuna bahasha ya Dereva kutoka Dar es Salaam na namba iliyoandikwa ni yangu. Nikaenda kuichukua. Ndani ilikuwa pasipoti yake, na ndani ya pasipoti visa imebandikwa, safi, na picha yake amevuliwa kofia. Siku tisini. Zilikwisha yuko gerezani.

Ilibidi nimpigie Padri. Sauti yake ilikuwa imedhoofika, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado cha Ufipa, kizito kama chetu. Nikamweleza ajali, nikamweleza hukumu, nikasema alisinzia.

"Mwalimu," akasema, "nimekaa kando ya mtu yule miaka ishirini na saba. Hasinzii."

"Ni uzee, Padri."

"Hasinzii, mwanangu."

Nikasema mtandao unakatika, nikakata simu. Haukukatika. Padri alifariki kabla ya Kwaresima. Kwenye ile manila ilibaki misalaba miwili, ya watu ambao hawakuwa na mtu wa kwenda kuwaamkia.

Gerezani nilikwenda mara tatu, nikaingia mara moja. Nilimpelekea sabuni na sukari. Alikuwa amekonda, ila mikono safi kama kawaida yake. Aliniambia askari humwita gari la gereza likikataa kuwaka. Haruhusiwi kugusa usukani, lakini anaruhusiwa kusikiliza. Aliulizia mahindi yangu, akamuulizia mama mkwe. Kuhusu lile jambo letu hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, na muda ukaisha.

Alipotoka nilivuka mfereji nikamwambia siwezi tena. Nikamwambia nataka nimweleze mama mkwe kila kitu, potelea mbali watakavyonifanya. Alikuwa anapepeta ulezi, kazi ya mkewe ambayo zamani asingeigusa. Aliacha kupepeta.

"Ukisema," alisema, "nitakuwa nimefungwa bure."

Nikarudi nyumbani. Nikanyamaza miaka miwili mingine, na nilijiambia nanyamaza kwa ajili yake.

Lakini mama mkwe anaishi kwangu, na kila jioni tunasali rozari. Tangu mwanawe afe, mwisho wa rozari anaongeza sala yake mwenyewe. Anasema, "Na yule aliyelala akamuua mwanangu, Mungu asimpe usingizi." Na mimi huitikia Amina. Hesabuni jioni za miaka mitano. Ng'ambo ya ua tulimsikia Dereva akikohoa, maana kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua tangu gerezani, akikohoa usiku kucha hasinzii, na bibi yule alitabasamu kwa kuridhika.

Jioni moja Amina haikutoka. Nikamweleza. Nilianza na barua ya Padri nikamaliza na lile neno, unaogopa upande. Alinisikiliza, rozari imelala mapajani. Kisha akavaa kanga yake ya pili, akatoka, akavuka mfereji. Nilibaki nimepiga magoti vilevile.

Hakukawia. Aliporudi alikaa kando yangu, akanishika kichwa akakilaza kifuani mwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba.

"Nimemuuliza," alisema. "Amesema alisinzia. Amesema wewe, mwanangu, majonzi yamekuchanganya, unatafuta la kujilaumu. Amesema nikuangalie vizuri, nisikuache peke yako." Akanipapasa mgongo. "Hata muuaji anakuonea huruma. Haya, maliza sala."

Asubuhi nilikwenda kwake na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, blanketi mabegani, akiota jua, pumzi zinamtoka kwa shida. Alikuwa peke yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Lakini mkubwa ni mkubwa, na mtu huanza kwa salamu.

"Shikamoo, Dereva."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu. Kisha akageuza uso taratibu akatazama upande wa mashamba.

Nikadhani hakusikia. Nikasogea. "Shikamoo, baba."

Midomo yake haikutikisika. Nilisimama mbele yake nikingoja kuitikiwa, kama mtoto aliyefukuzwa darasani, mpaka mkewe alipotoka na jamvi la kuanikia ulezi, akanikuta bado nimesimama pale.